Amri Bila Ugavi: Mji wa Houston na Watu Wasio na Makao

Mwezi wa Julai mwaka 2025 halmashauri ya mji wa Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ilipitisha uamuzi ambao ukitazamwa juu juu waweza kuonekana kuwa ni jambo dogo la usafi wa mji. Tangu mwaka 2002 ilikuwako sheria ndogo iliyomkataza mtu kukaa, kulala au kuweka mizigo yake kwenye njia za waendao kwa miguu katika mitaa ya katikati ya mji. Lakini katazo hilo lilikuwa na saa zake, tangu saa moja ya asubuhi hadi saa tano ya usiku. Baada ya hapo, mtu aliyekosa pa kulala aliweza kujinyosha barazani na blanketi lake mpaka kupambazuke. Kwa uamuzi wa Julai, katazo limekuwa la saa ishirini na nne katika mitaa hiyo na katika mtaa wa jirani ulio upande wa mashariki. Mwenye kulitekeleza ni askari polisi.

Tunalichambua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila askari polisi aliyewahi kushika zamu ya usiku katika mji mkubwa amekwisha kukutana na mtu wa namna hiyo, akasimama mbele yake bila kujua amfanyeje. Ya pili yawahusu askari wa jeshi. Miongoni mwa watu wanaolala nje katika miji ya Marekani wamo wengi waliovaa sare ya nchi yao, wakapigana, wakarudi, na mwisho wakajikuta hawana hata mlango wa kufunga. Mji huu wa Houston, ambao leo unawaamuru askari wake wasafishe njia, ndio mji ambao miaka kumi kabla ya hapo ulisifiwa nchi nzima kwa kuwatoa askari wa zamani barabarani na kuwaweka katika nyumba. Yafaa tuulize ulifanyaje, na ni kitu gani sasa kinatiliwa mashaka.

HISANI NYINGI, NJIA HAKUNA

Houston ni mji wa nne kwa ukubwa nchini Marekani, wenye watu zaidi ya milioni mbili, mji wa mafuta na bandari. Si kwamba ulikosa watu wa huruma. Nyumba ya hisani iitwayo Star of Hope imekuwa ikiwapokea maskini tangu mwaka 1907. Jeshi la Wokovu liko. Ghala la chakula la Houston Food Bank, lililoanzishwa mwaka 1982, hugawa chakula katika wilaya 18 na huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa katika nchi ile, na wanaokitegemea si wale tu walalao nje bali pia wafanyakazi wa mshahara mdogo ambao kodi ya nyumba huumaliza mshahara kabla mwezi haujafika katikati. Karibu na kanisa kuu la Kianglikana la katikati ya mji ipo nyumba iitwayo The Beacon, ambako mtu asiye na makao aweza kuoga, kufuliwa nguo na kula chakula cha moto. Pana waganga wanaowatibu watu hao, pana mawakili wanaowatetea, pana vyama vya askari wa zamani.

Hata hivyo, watu waliokuwa bila makao walipohesabiwa mwezi wa Januari mwaka 2011 walipatikana karibu 8,500 katika mji na viunga vyake. Kila shirika lilikuwa na mlango wake, fomu yake, masharti yake na orodha yake. Huyu alitoa kitanda kwa usiku mmoja, yule alitoa sahani ya chakula, wa tatu alitoa dawa. Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Gazeti la New York Times, lilipochunguza habari hizi mwaka 2022, lilieleza kwamba mwaka 2011 kumpatia askari mmoja wa zamani nyumba mjini Houston kulihitaji hatua 76 za kiofisi, na siku 720.

Tuwaombe ndugu wasomaji watulie kidogo juu ya hesabu hiyo. Siku 720 ni karibu miaka miwili. Mtu aliyelala chini ya daraja apewa miadi ya ofisi fulani baada ya wiki sita, naye hana saa, hana kalenda, hana anwani ya kupokelea barua. Aambiwa alete kitambulisho, nacho kiliibiwa alipokuwa usingizini. Ili apate kingine atakiwa alete cheti cha kuzaliwa, na ili apate cheti hicho atakiwa aonyeshe kitambulisho. Aulizwa hati yake ya kuachiliwa jeshini, iliyopotea pamoja na begi lake. Akifika hatua ya thelathini akakosa siku moja, huanza tena hatua ya kwanza. Wako waliofariki katikati ya hatua hizo. Kisha watu husema ati fulani hataki kusaidiwa.

ORODHA MOJA

Mabadiliko yalianza kwa agizo la juu. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 Waziri wa Mambo ya Askari wa Zamani, Jenerali Eric Shinseki, ambaye mwenyewe aliachwa na jeraha la mguu katika vita vya Vietnam, alitangaza kwamba serikali ya Marekani imekusudia kukomesha katika muda wa miaka mitano hali ya askari wa zamani kukosa makao. Nia kama hizo hutangazwa mara nyingi duniani. Hii ilikuwa na tofauti moja, nayo ni kwamba ilifuatana na fedha za nyumba. Ulikuwako mpango ulioanzishwa mwaka 1992 na kutiwa nguvu sana tangu mwaka 2008, ambao kwa huo askari wa zamani hupewa hati ya kodi. Yeye hulipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake, na serikali humlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki. Pamoja na hati hiyo hupewa mtumishi wa ustawi wa jamii kutoka hospitali ya askari wa zamani, atakayemtembelea na kuyafuatilia mambo yake.

Bibi Annise Parker, aliyekuwa Meya wa Houston tangu mwaka 2010 hadi mwanzoni mwa mwaka 2016, aliwakutanisha wakuu wa mashirika yote hayo pamoja na idara za serikali. Mwaka 2012 walijiwekea shabaha iliyoeleweka na kila mtu, yaani kuwaweka askari wa zamani mia moja katika nyumba kwa muda wa siku mia moja. Shabaha hiyo ilifikiwa. Katika kuifikia, zile hatua 76 ziliandikwa ukutani, moja baada ya moja, na kila ofisi ikatakiwa kueleza hatua yake ni ya nini. Ambazo hazikuwa na maelezo zilifutwa. Zilizoweza kufanywa siku moja na chumba kimoja zikaunganishwa.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa ile orodha. Badala ya kila shirika kuwa na yake, zaidi ya mashirika mia moja yalikubali kutumia orodha moja, yakiwa chini ya mpango mmoja ulioitwa The Way Home. Kila mtu aliyekutwa nje aliandikwa kwa jina, akaulizwa maswali yale yale, na wenye shida kubwa kupita wengine wakatangulizwa. Nyumba ikipatikana, haikuulizwa ni shirika gani litakaloipata, bali ni jina gani lililo juu katika orodha. Msomaji aliyepata kuwa afisa wa ugavi ataelewa mara moja. Kombania nne zikiomba risasi kutoka ghala nne zisizojuana, moja itapata mara mbili na moja itakufa mikono mitupu, ingawa risasi zote zimetolewa.

Kanuni ya pili, iliyopingwa na wengi na mpaka leo inapingwa, ni kwamba nyumba hutangulia. Desturi ya zamani ilimtaka mtu aache pombe kwanza, ajitibu akili kwanza, atafute kazi kwanza, ndipo apewe chumba kama zawadi. Wakuu wa mpango wa Houston waliona kwamba hakuna awezaye kuacha pombe akiwa amelala mvuani. Basi mtu hupewa chumba chenye ufunguo, na matibabu yakafuata. Wapinzani husema kwamba huko ni kumlea mtu katika uzembe. Sisi twadhani jibu liko kwa askari yeyote aliyepata kuongoza watu waliochoka, kwani yeye ajua kinachotangulia kati ya usingizi na mazoezi.

Katika kazi hiyo polisi hawakuachwa nyuma. Mwaka 2011 idara ya polisi ya Houston iliunda kikosi kidogo chenye kazi ya kuwatembelea watu wasio na makao. Askari wake hufuatana na watumishi wa afya ya akili, hupita chini ya madaraja na kando ya mito, hujifunza majina, hurudi kesho na kesho kutwa. Moja ya kazi zao kubwa ni kumsaidia mtu apate upya vitambulisho vyake. Inaonekana kama kazi ya karani, lakini tumekwisha kuona kwamba bila karatasi hiyo milango mingine yote imefungwa. Askari wa kikosi hicho hawakuvuliwa uwezo wa kukamata. Mhalifu alikamatwa kama kawaida. Tofauti ni kwamba yule asiye mhalifu walikuwa na mahali pa kumpeleka.

Tarehe 1 Juni mwaka 2015 mawaziri watatu wa serikali ya Marekani, wa Nyumba, wa Askari wa Zamani na wa Kazi, walikwenda Houston kushuhudia mji ukitangaza kwamba umekomesha hali ya askari wa zamani kukosa makao. Tangu mwaka 2012 walikuwa wamepewa nyumba askari wa zamani zaidi ya 3,600. Tangazo hilo halikuwa na maana kwamba hakuna tena hata askari mmoja wa zamani aliyelala nje usiku ule. Maana yake ilikuwa kwamba akionekana mmoja, uko uwezo wa kumpatia nyumba bila kukawia. Jengo la hoteli kuukuu la DeGeorge, katikati ya mji, lilikuwa limekwisha kugeuzwa kuwa vyumba mia moja vya askari wa zamani. Kufikia mwaka 2022 zile siku 720 zilikuwa zimepungua hadi 32, na watu waliotolewa barabarani kwa mpango huo, askari na raia pamoja, walikuwa wamezidi 25,000. Idadi ya wasio na makao ilishuka kutoka wale 8,500 hadi 3,300 hivi.

Ni haki kueleza pia kwamba Houston ilikuwa na bahati. Nyumba zake zilikuwa rahisi kuliko za miji ya California au New York, na sheria zake za ujenzi hazina vizuizi vingi. Wenye nyumba walikuwa na vyumba vitupu, wakakubali kupangisha walipohakikishiwa kodi. Mji ambao hauna chumba hata kimoja kitupu hauwezi kufanya miujiza kwa orodha peke yake.

ASKARI NA ASKARI WENZAO

Historia ya Marekani katika jambo hili ina ukurasa ambao wanajeshi hawapendi kuusoma. Mwaka 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza wapatao 20,000, wengi wao wakiwa hawana kazi wala nyumba, walikwenda Washington kudai walipwe mapema fedha walizoahidiwa kulipwa mwaka 1945. Walipiga kambi kwenye tambarare ya Anacostia, ng'ambo ya mto. Mkuu wa polisi wa mji, Pelham Glassford, alikuwa brigedia jenerali katika vita ile ile. Alikwenda kambini kwa pikipiki yake, akawatafutia chakula, akatoa hata fedha zake mwenyewe, akawataka wawe na nidhamu, nao kwa muda wa miezi miwili walikuwa nayo.

Tarehe 28 Julai polisi waliamriwa kuwatoa baadhi yao katika majengo ya mjini. Risasi zikalia, na askari wawili wa zamani wakafa. Ndipo Rais Hoover alipoita jeshi. Jenerali Douglas MacArthur aliongoza askari wa miguu, wapanda farasi na vifaru, wakawatawanya wenzao kwa moshi wa kutoa machozi, wakavuka daraja ijapokuwa Rais alikuwa ameagiza wasivuke, na kambi ikateketea kwa moto pamoja na wake na watoto waliokuwa wakiishi humo wakikimbia gizani. Msaidizi wa MacArthur siku ile alikuwa Dwight Eisenhower, na miongoni mwa maofisa wa wapanda farasi alikuwamo George Patton. Glassford alijiuzulu mwaka ule ule. Fedha zenyewe zililipwa mwaka 1936. Kwa maneno mengine, zilikuwapo.

Mfano wa pili ni wa amani. Mwaka 1988, katika mji wa San Diego, chama cha askari waliopigana Vietnam kiliwakusanya wenzao wasio na makao wapatao 500 kwa siku tatu katika uwanja wa michezo. Waliuita mkutano huo kwa neno la kijeshi, lile litumiwalo kikosi kinapoondolewa mstari wa mbele kwenda kupumzika mahali salama. Palikuwa na mahema, maji ya kuoga, nguo safi, waganga, vinyozi na watumishi wa serikali wenye mihuri yao, wote mahali pamoja. Mwisho wa siku tatu waliulizwa shida yao kubwa ni ipi. Watu 116 hawakutaja chakula wala nyumba. Walisema ni hati za kukamatwa zilizokuwa zikiwangoja mahakamani, kwa makosa ya kulala nje, kukojoa njiani, kupanda gari moshi bila tikiti, faini wasizoweza kulipa. Kwa ajili ya hati hizo hawakuthubutu kwenda katika ofisi yoyote ya serikali. Mwaka uliofuata hakimu, mwendesha mashtaka na wakili walihamia kwao, wakasikiliza kesi hizo ndogo papo hapo, na badala ya faini wakahesabu juhudi ya mtu katika matibabu na kazi. Mahakama ya namna hiyo imeigwa na miji mingi, na Houston ni mmoja wao.

Hapa askari polisi ataona jambo linalomgusa yeye. Kila karatasi ya faini anayomwandikia mtu asiye na kitu haimwondoi mtu huyo barabarani. Humfunga hapo hapo, kwa kuwa itakuwa hati ya kukamatwa, na hati ya kukamatwa itakuwa kizuizi cha kupata kazi na nyumba.

Katika nchi zetu jambo hili twalijua kwa jina la uzururaji. Sheria zake tulizirithi kwa Waingereza, waliokuwa wametunga yao mwaka 1824, wakati askari wa vita vya Napoleon walipokuwa wamejaa katika barabara za Uingereza bila kazi. Nchini Malawi mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri mwaka 2015 akiwa njiani kwenda kutafuta riziki, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu alichokamatiwa ni kinyume cha katiba. Tarehe 4 Desemba mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Na mwezi wa Desemba mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikavifuta vipengele vya kifungu cha 168 cha sheria ya makosa ya jinai vilivyomwezesha askari kumkamata mtu kwa kudhaniwa tu kuwa mzururaji.

Marekani imekwenda upande mwingine. Tarehe 28 Juni mwaka 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliamua katika kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, jimbo la Oregon, kwamba kumtoza faini au kumfunga mtu aliyelala mahali pa umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, hata kama hana pengine pa kulala. Baada ya uamuzi huo miji mingi ilipata ujasiri wa kutunga makatazo. Katazo la Houston la Julai 2025 ni mojawapo.

FEDHA ZINAPOKAUKA

Tusidhani kwamba Meya John Whitmire, aliyeshika madaraka mwezi wa Januari mwaka 2024, ameutupa mpango wa waliomtangulia. Yeye mwenyewe ametangaza azma ya kumaliza kabisa kulala barabarani, na mji umekuwa ukitafuta majengo ya kuwapokea watu. Shida iko katika hazina. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Houston ilipata fedha za dharura za serikali kuu, ikaanzisha mpango wa zaidi ya dola milioni 60, na ndiyo sababu idadi iliendelea kushuka wakati miji mingine ilipokuwa inazidiwa. Fedha za dharura huwa na mwisho, lakini kodi za nyumba hupanda. Tangu mwaka 2023 idadi ya wasio na makao katika Houston imegoma kushuka.

Tazameni hesabu ya nchi nzima. Mwezi wa Januari mwaka 2024 walihesabiwa watu 771,480 wasio na makao, idadi kubwa kupita zote tangu hesabu hiyo ilipoanza. Katika hesabu hiyo hiyo askari wa zamani walikuwa 32,882, nao mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000. Basi katika nchi moja, katika miaka ile ile, raia waliongezeka barabarani na askari wa zamani wakapungua zaidi ya nusu. Hatuamini kwamba askari wa zamani ni hodari kuliko raia katika kutafuta nyumba. Wao walikuwa na hati ya kodi, mtumishi wa kuwafuatilia, na jina katika orodha. Wengine wengi walikuwa na mlango wa hisani na subira.

Ndiyo maana habari zilizotoka Washington mwaka 2025 zimewatia hofu watumishi wa mashirika ya Houston. Tarehe 24 Julai Rais Trump alitia sahihi agizo la kuondoa msaada wa serikali kwa kanuni ya nyumba kutangulia, na kuhimiza majimbo yawaweke katika taasisi watu wenye maradhi ya akili walalao nje. Mwezi wa Agosti alipeleka Walinzi wa Taifa katika mji mkuu, na kambi za wasio na makao zikavunjwa. Miongoni mwa kazi walizopewa askari hao ilikuwa kuokota takataka katika bustani. Mwezi wa Novemba Wizara ya Nyumba ikatoa masharti mapya ya ruzuku, ambayo kwayo nyumba za kudumu zisingepata zaidi ya asilimia 30 ya fedha za mpango mkuu. Majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kuyapinga.

Mtu aweza kusema kwamba mji una haki ya kuwa na njia safi, na kwamba mwenye duka anayekuta watu wamelala mlangoni kila asubuhi naye ni raia. Ni kweli, nasi hatumbezi. Houston yenyewe ilikuwa ikizifunga kambi za mahema hata katika miaka yake mizuri. Lakini utaratibu wake, hasa tangu mwaka 2021, ulikuwa kwamba watumishi hutangulia wiki kadhaa, kila mkazi wa kambi huandikwa na kutafutiwa chumba, na hema la mwisho likiondolewa ndipo uwanja unapozungushiwa ua. Polisi walikuwapo siku hiyo, na kwa kawaida hawakuwa na kazi kubwa. Kambi ikifungwa bila vyumba, watu wale wale huhamia daraja la pili, na juma linalofuata askari wale wale hutumwa huko.

Hata katika kulisha maskini, mji huu umeonja tofauti hiyo. Mwaka 2012 uliweka sheria kwamba anayetaka kuwalisha watu zaidi ya watano apate ruhusa ya mwenye eneo. Kwa miaka kumi haikutumika sana. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2023 polisi waliagizwa kuwaandikia faini watu wa hiari waliokuwa wakigawa chakula mbele ya maktaba ya mji. Kesi ya kwanza ilipofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwezi wa Julai mwaka ule, mshtakiwa aliachiliwa. Askari walioandika zile karatasi walikuwa wametii amri, nao wakabaki wakichekwa mjini kwa jambo ambalo hawakulitunga.

Sheria mpya ya Houston inamtaka askari amwonye mtu kwanza kabla ya kumwandikia kosa. Kati ya onyo na karatasi ya faini pana dakika chache, na ndani ya dakika hizo yule askari aweza kumwita mwenzake wa kile kikosi kilichoundwa mwaka 2011, akauliza kama kuna kitanda au chumba usiku huo. Mwaka 2015 mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka huu na mwaka ujao jibu litategemea ile ruzuku inayogombaniwa Washington, na kodi ya nyumba mjini Houston, na kama mashirika mia moja yataendelea kukubali orodha moja wakati kila moja linapoanza kupigania fungu lake.